Barafu ya Vibua na Onyo la Zambarau

Jamani, leo nimeadhirika. Tena si kule kuadhirika kwa kujikwaa barabarani, ukainuka, ukajifuta vumbi, ukaendelea na safari. Nimeadhirika kwa daraja la kimataifa, mbele ya mkurugenzi, madaktari wawili wa elimu ya bahari na paka wanane. (Paka walikuwa watano, lakini walivyonikodolea macho nilihesabu wanane.)

Ili mnielewe, lazima kwanza mjue kitu nilichokuwa nakiamini.

Nilipokuwa nasoma kompyuta masomo ya jioni, nilikaa dawati moja na Shekue, mtu wa Bumbuli, mrefu, mwenye sauti nzito. Shekue akikwambia leo Ijumaa, unakwenda kutia udhu hata kama jana ilikuwa Jumapili. Huyo ndiye aliyenieleza hatari ya kukompaili. Kukompaili, kwa msiojua, ni kuichukua programu ikiwa bado maandishi matupu ya watu walioiandika, ukaipa kompyuta iyageuze yawe kitu kinachofanya kazi. Shekue akasema kompyuta ikikompaili programu kubwa inapata joto la tanuri la chokaa. Ikielemewa inatoa onyo kwa maandishi ya zambarau. Onyo la kwanza, inaomba radhi. La pili, inaaga. La tatu usilingoje, kimbia! Muheza, akasema, kuna jamaa alilipuuza la tatu. Kompyuta ikayeyuka, ikatoboa meza, ikatoboa sakafu ya saruji, na mpaka leo lile shimo lipo, kuku wanataga humo. Na joto lake halitulizwi kwa maji wala kwa mchanga. Linataka barafu. Tena barafu ya samaki, kwa sababu ina chumvi.

Niliamini. Niliamini yote, pamoja na kuku.

Sasa njooni kazini kwangu. Miezi mitatu hii niko kwenye majaribio katika kituo kimoja kidogo cha utafiti wa bahari, kule Raskazone. Jina silitaji, maana kesho nataka kurudi. Kituo kina kompyuta kubwa moja, yenye nguvu, imewekwa chumba chake peke yake nyuma ya ofisi kama bi harusi. Na watu watatu wanaigombea. Kuna Daktari wa mwani, kuna Daktari wa kamba, na kuna Bi Mwanaidi, mama mtu mzima wa Moa, ambaye kazi yake ni kukokotoa majira ya maji kujaa na kupwa. Hakuna aliyekubali kumsubiri mwenziwe. Daktari wa mwani alifikia kuifunika kompyuta kwa kanga na kubandika karatasi: INA MTU. Daktari wa kamba akaja, akaikunja kanga vizuri, akaitundika mlangoni. Toka siku hiyo madaktari hawa wawili wanasalimiana kupitia mlinzi.

Mama Mkurugenzi, mwanamke wa Lushoto, Mlutheri asiyejua kuchelewa, akaniita. Akataka nitafute dawa. Nikamwambia dawa ipo, ni programu ya kupanga foleni ya kazi.

"Nieleze kwa Kiswahili," akasema.

"Mama, ni kama foleni ya bombani. Kila mtu anaweka ndoo yake kwenye mstari, halafu anakwenda zake kupika. Zamu ikifika, ndoo inajazwa yenyewe. Huna haja ya kusimama juani."

"Na yule anayekuja kuisogeza ndoo ya mwenziwe?"

"Hawezi, Mama. Ndoo haisogei."

Mama akavua miwani kwa furaha. Kisha akaivaa tena, nikajua furaha imekwisha. "Vizuri. Majaribio yako yanaisha leo wiki ijayo. Siku hiyo saa nane mchana nitaingia chumbani na hao madaktari wangu. Foleni ikifanya kazi, barua yako ya ajira iko mezani, inangoja sahihi yangu tu. Isipofanya, nitamwita fundi kutoka Dar, na wewe nitakutakia heri."

Hiyo leo wiki ijayo ndiyo leo.

Tatizo ni kwamba ile programu iliyokwisha kutengenezwa iliikataa mashine yetu. Ilibidi niijenge mwenyewe, yaani niikompaili, kutoka kwenye msimbo wake, yale maandishi matupu. Bi Mwanaidi aliposikia, akaja mlangoni na miwani yake yenye uzi shingoni: "Mwanangu, ukikwama nambie." Mie nikacheka kicheko cha wasomi. Nikamjibu, "Bi Mwanaidi, haya mambo ya skrini nyeusi yatakuumiza macho bure."

(Hii sentensi ikumbukeni. Mimi nitaikumbuka mpaka nazikwa.)

Leo saa moja asubuhi nimeshafika. Shati jeupe, suruali ya pasi, kiatu kinang'aa. Nikafungua skrini nyeusi, nikaanza na zana, maana huwezi kukompaili bila zana. Na zana hizi, jamani, zina taratibu kuliko posa ya kwetu Kidigo! Nataka kompaila, ile zana ya kukompaili. Kompaila ikasema sawa, lakini iko wapi maktaba fulani, yaani furushi la msimbo wa kuazima? Nikaileta maktaba. Maktaba ikasema haikai bila maktaba nyingine. Nikaileta. Ile nayo ikasema hili toleo dogo, mlete mkubwa wake. Ni sawasawa na kwenda kuposa ukaambiwa mjomba hayupo. Ukamleta mjomba, mjomba anasema bila shangazi hafungui mdomo. Shangazi kaja, kaketi, anauliza, "Na tambuu iko wapi?" Nimeleta zana kumi na saba. (Sita. Lakini jasho lilikuwa la kumi na saba.)

Kufika saa nne kasorobo, kila nilichokikagua kinajibu ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mashahidi wa nikahi. Nikasema Bismillahi, nikaamuru ujenzi uanze.

Mistari ikateremka kama mvua ya masika juu ya bati. Nikaegemea kiti. Nikaiona barua yangu. Nikamwona mama yangu anaipitisha nyumba kwa nyumba mtaa wetu mzima wa Mabawa.

Dakika ya pili, chwaa! Maandishi ya zambarau. Onyo!

Sikulisoma. Mtu akikupigia kelele za nyoka unasoma nini? Nikabana vile vitufe viwili vya kukatisha kwa vidole vyote kumi. Mistari ikasimama. Nikaigusa kompyuta ubavuni. Ukweli ni kwamba ilikuwa vuguvugu, kama chapati ya dakika kumi. Lakini mkono wangu ulisikia tanuri la chokaa.

Nikaiacha ipumzike kwa saa moja na nusu. Kisha nikafuta yote iliyokuwa imeyajenga, nikaanza upya, maana Shekue alisema kilichoungua nusu hakirudishwi jikoni. Safari hii nikachukua feni ya mapokezi. Dada wa mapokezi akalalamika kwamba wageni watayeyuka. Nikamwambia, "Bora wageni."

Nikaamuru ujenzi. Dakika ya pili, zambarau! Tena mahali palepale, baada ya mstari uleule! Mtu mwenye akili angejiuliza mbona joto linapanda kwa saa kama gari moshi. Mie nilijiuliza mbona feni ni ndogo.

Nikakatisha. Nikafuta. Saa sita.

Bi Mwanaidi akapita na kikombe cha chai ya mkandaa wake, nyeusi ti.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Inakwenda?"

"Inakwenda, Bi Mwanaidi. Ni joto tu linasumbua."

"Joto gani?"

"Joto la kitaalamu."

Akanitazama. Akaitazama feni ya mapokezi. Akanywa funda moja, akaenda zake. (Angeniuliza swali moja tu la ziada, ningemaliza siku na heshima yangu. Lakini yeye nimeshamwambia ataumia macho, aulize nini?)

Hapo ndipo nilipompigia simu Kombo, bodaboda jirani yangu.

"Kombo, niletee barafu kutoka soko la samaki. Deli zima."

"Una harusi au una msiba?"

"Nina kompyuta."

Nikasikia pikipiki tu inanguruma. Kisha akasema, "Injinia, barafu iliyopo saa hizi imelaliwa na vibua tangu alfajiri."

"Ndiyo hiyohiyo! Ile yenye chumvi!"

"Wewe ndo msomi," Kombo akasema, kwa sauti ya mtu anayemwachia Mungu.

Saa saba na nusu deli likafika. Mlinzi akataka kujua kilichomo. Nikamwambia ni kifaa. Akanusa, akaandika daftarini: kifaa. Nikaazima jikoni masinia matatu makubwa ya pilau, nikayapanga kuizunguka kompyuta, nikayajaza barafu hadi ukingoni. Feni nikaielekeza juu ya barafu. Ndani ya dakika tano kile chumba kilikuwa Lushoto ya mwezi wa Julai. Lushoto yenye vibua.

Harufu ile ikatoka dirishani, ikaenda kwa paka wote wa Raskazone, ikawapa mwaliko. Wa kwanza akaingia akakaa juu ya printa. Wa pili akaja na wa tatu. Nikawafukuza, wakanitazama kama mimi ndiye mgeni. Basi nikaona wacha wakae, mradi hawagusi nyaya. Saa nane kasoro dakika tano nikaamuru ujenzi kwa mara ya tatu, na safari hii nikaapa sikatishi. Nina barafu!

Dakika ya pili, onyo la kwanza. Zambarau. Nikakaza meno. Inaomba radhi tu.

Dakika ya tatu, onyo la pili. Inaaga. Jasho linanitoka huku natetemeka kwa baridi. Binadamu mwingine aliyewahi kupatwa na hayo mawili kwa pamoja, ajitokeze.

Saa nane kamili mlango ukafunguliwa. (Nimewaambia Mama hajui kuchelewa.) Akaingia Mama Mkurugenzi. Nyuma yake Daktari wa mwani, nyuma kabisa Daktari wa kamba, na katikati yao Bi Mwanaidi kama ukuta wa mpaka.

Mama akasimama. Pua yake ikafanya kazi kabla ya macho.

"Yesu wangu. Nani ameleta samaki kwenye chumba cha kompyuta?"

"Si samaki, Mama. Ni barafu yao."

"Yao nani?"

"Ya vibua, Mama. Ni utaratibu wa kawaida wa kupoza."

Daktari wa kamba, ambaye hazungumzi na Daktari wa mwani, akamgeukia Daktari wa mwani: "Umewahi kuusikia utaratibu huu?" Daktari wa mwani akajibu, "Sijawahi." Yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu ile kanga.

"Na hawa paka?" Mama akauliza.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kueleza jukumu la paka. Sijui ningesema nini. Sikupata nafasi, kwa sababu hapohapo, mbele ya macho yangu mawili, kwenye skrini, zambarau. La tatu.

Ndugu zangu, akili iliniondoka na viatu vikaifuata.

"TOKENI NJE!" nikapiga ukelele. "La tatu hilo! Inatoboa sakafu! Laleni chini!"

Nikamshika Mama Mkurugenzi kiwiko (kiwiko cha mkurugenzi!), nikamtoa mbio mpaka barazani. Madaktari wakatoka wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Paka wakapita katikati ya miguu yetu, kila mmoja na kipande chake cha barafu. Kisha mie, shujaa, nikarudi ndani kuchomoa waya wa umeme nikiokoe kituo.

Nikapiga hatua mbili kavu. Ya tatu ilikuwa juu ya barafu iliyoyeyuka. Miguu ikaenda Pangani, kichwa kikaenda Horohoro, na makalio yakatua katikati ya sinia la pilau. Nikakaa humo, maji ya vibua yakinipanda mgongoni, nikanyoosha mkono uliolowa chapachapa kuutafuta waya ukutani.

"Usiguse!"

Alikuwa Bi Mwanaidi. Hakutoka na wengine. Akanikamata kola, akanivuta na sinia langu kunitoa kwenye ule ukuta kwa nguvu ambayo sikujua wanawake wa Moa wanatembea nayo.

"Kimbia, Bi Mwanaidi! Niache mie!"

"Toka, mwanangu. Toka ukajikaushe."

Nikatambaa mpaka barazani. Nikalala kifudifudi, mikono kichwani. Mama naye alikuwa amechuchumaa nyuma ya chungu cha maua. Nikatangaza kwa huzuni: "Bi Mwanaidi amebaki ndani. Mungu amlaze pema."

Tukangoja. Feni tu inalia. Kisha dirishani ikatoka sauti tulivu, ya mtu anayekunywa chai:

"Injinia! La nne hilo."

Nikafumba macho.

"La tano. La sita na la saba yamekuja pamoja."

"Toka, Bi Mwanaidi!"

"La kumi na moja," akasema. "Mbona hakuna shimo?"

Mama Mkurugenzi akainua kichwa taratibu kutoka nyuma ya maua. Akanitazama. Kuna kutazamwa kwa hasira na kuna kutazamwa na mtu anayekumbuka kwamba amechuchumaa nyuma ya chungu kwa amri yako. Kule kwa pili ni kubaya zaidi.

"La thelathini na mbili," dirisha likasema. Na baada ya muda kidogo: "Haya, imekwisha. Njooni."

Tukaingia kwa mstari. Mie wa mwisho, magamba ya kibua yanang'aa kwenye suruali yangu ya pasi, paka mmoja ananifuata kwa mapenzi. Kwenye skrini hapakuwa na moto wala moshi. Programu imejengwa. Ilichukua dakika kumi na moja. Mie nimekuwa nikiiua tangu saa nne!

Bi Mwanaidi alikuwa ameshaiwasha na ameshaweka kazi yake ya kwanza. Daktari wa mwani akaweka yake. Daktari wa kamba akaweka yake, akajaribu kuipitisha mbele ya mwani. Haikupita. Akajaribu tena. Ndoo haisogei! Madaktari wakatazamana, na sijui ni ile mikono waliyoshikana barazani, lakini wa kamba akacheka kwanza.

Mama Mkurugenzi aliisoma ile foleni kwenye skrini, mstari kwa mstari. Mie nilikuwa nalenga macho kwenye vidole vyangu vya mguu, kwa sababu viatu sikujua viko wapi.

"Foleni inafanya kazi," akasema mwishowe. "Nilisema foleni ikifanya kazi nitatia sahihi. Nitatia."

"Ahsante, Mama! Mungu ak..."

"Sijamaliza. Barua ilisema utaripoti kwangu. Nitaibadilisha. Utaripoti kwa Bi Mwanaidi. Na hapa pigwe deki kabla sijanusa tena."

Nikachukua ndoo na tambara. Katikati ya deki nikampigia Shekue. "Shekue, lile shimo la Muheza, umewahi kuliona kwa macho yako?" Akasema, "Shimo gani?" Nikamkumbusha kompyuta, sakafu, kuku. Akacheka mpaka simu ikakoroma. "We mtu, tulikuwa tunangoja mwalimu! Ilibidi tuongee kitu!"

Nawaandikia haya nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nyuma za ofisi, suruali inakauka ikiwa mwilini. Ajira nimepata. Naomba tu Kombo asiambiwe kwamba ile barafu niliikalia, na mkinikuta njiani msinuse kwa nguvu.

Lakini la mwisho niwaambie alichonijibu Bi Mwanaidi nilipomwuliza, nikiwa nimepiga magoti na tambara langu, kwa nini yeye hakuogopa.

"Mwanangu," akasema, "programu yangu ya maji kujaa na kupwa nimekuwa nikiijenga mwenyewe tangu wewe unavaa bukta. Lile la zambarau si joto. Ni maneno ya kompaila kwa walioandika programu, kwamba hapa pangeandikwa vizuri zaidi. Wewe hayakuhusu, unayaacha yanapita. Kosa lenyewe ni jekundu, nalo likija ujenzi unasimama wenyewe, huna haja ya kuukatisha. Na kompyuta ikipata joto sana inajizima. Kilichotaka kukuua leo ni mkono wenye maji na tundu la umeme."

Akachukua kikombe chake, akafika mlangoni, akageuka.

"Na macho yangu hayaumi."